Tuliorudi Unguja, tusiwape wenetu hadithi nusu

Ukirudi Unguja baada ya miaka mingi, watoto uliokuja nao wataomba wapelekwe "kule kwa watumwa". Mtakwenda Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, mtalipa kiingilio, mtashuka ngazi, na mtembezaji atakuonyesheni vyumba viwili vya chini, dari karibu iguse kichwa. Hiki, atasema, waliwekwa wanawake na watoto 75, na hiki wanaume 50. Watoto watatoka kimya. Basi wakitoka, kaa nao kwenye ngazi za kanisa uwaongezee yaliyobaki.

Vyumba vile viko chini ya jengo lililokuwa hospitali ya misheni, na jengo hilo lilisimama baada ya soko la watumwa kufungwa. Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi, pale lilipo kanisa la Kianglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Watu waliuzwa alasiri, jua likiwaka, dalali akipita nao akinadi bei mbele ya kila mpita njia. Uchungu wa mahali pale haupungui kwa kusema hivi. Mimi naona unazidi, kwa sababu giza la vyumba vile humfanya mtoto adhani biashara ile ilikuwa ya mafichoni, ya watu wachache waovu, kumbe ilipita mlango wa mbele wa forodha, ikatozwa ushuru kwa kila kichwa, ikaandikwa daftarini.

Na daftari zinasema. Katika miaka mitano kuanzia 1862 hadi 1867, Kilwa peke yake ilipakia watu 97,203. Kati yao 76,703 walikatiwa safari ya Unguja, na 20,500 kwengineko. Mashamba ya Unguja na Pemba hayakuwa na haja ya watu wengi namna hiyo kila mwaka. Waliozidi walikwenda wapi? Hapo ndipo uhalifu unapoanza, na ulianzia kwenye karatasi.

Mkataba wa 1822, baina ya Sultani na Waingereza, ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa. Ule wa 1845, ulioanza kutumika 1847, ukakataza kuwapeleka nje ya milki za Sultani za Afrika, lakini ukaacha safari za baina ya Kilwa na Lamu zibaki halali. Kwa hiyo nahodha alipakia Kilwa akiwa na hati safi, akafika Unguja, akalipa ushuru. Baadaye akakata hati nyengine ya Lamu, nayo halali vilevile. Lamu ikishabaki nyuma ya tezi, hakuna tena wa kumuuliza hati, na mbele yake iko Arabuni. Magendo yote yalikuwa katika kipande hicho cha mwisho.

Upepo nao ulikuwa na kazi yake. Majahazi ya kaskazini yalishuka na kaskazi, kuanzia Desemba, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma mwezi wa Aprili. Katikati yake mji ulijaa mabaharia waliongoja upepo tu, na hiyo ndiyo miezi watoto walipokuwa wakiibiwa vichochoroni. Wazee wakisema mtu alichukuliwa kwa "tende na halua", msidhani ni methali ya mapambo. Wenye uwezo waliwafungia watoto ndani hadi majahazi yaondoke. Mwaka 1864 Sultani, Seyyid Majid, akapiga marufuku kusafirisha watumwa kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, ili majahazi ya kaskazini yaondoke matupu. Dawa ilikuwa nzuri kwa karatasi. Lakini kusi haisimami Aprili, na aliyevumilia wiki chache alipata njia na upepo kwa pamoja.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani aliyemfuata, Seyyid Barghash, alitia saini mkataba wa kufunga soko na kukataza usafirishaji wote wa baharini, akitishiwa kuzingirwa na manowari za Uingereza. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1872, tufani ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Unganisheni mambo hayo mawili: bei ya karafuu inapanda, miti iliyobaki iko Pemba, mikono ya kuchuma haipo, na bahari imefungwa. Walanguzi wakahamia nchi kavu. Misafara ikatoka Kilwa kwa miguu, ikafuata pwani hadi Pangani, kisha mashua ndogo zikavuka usiku mmoja hadi kwenye mikoko ya Pemba, ambako vijito ni vingi kuliko askari. Barghash alikataza misafara hiyo pia, mwaka 1876.

Kuanzia 1874 hadi 1883 Waingereza waliweka bandarini manowari kuukuu, London, iwe kituo cha boti za doria. Na hapa pia hadithi ya mashujaa inahitaji nyongeza. Mabaharia walilipwa tuzo ya pauni 5 kwa kila mtu waliyemkomboa, na chombo kitupu kikihukumiwa kuwa cha watumwa walilipwa kwa ukubwa wake kwa tani. Dalili za hatia zilikuwa mapipa ya maji kuzidi mahitaji ya mabaharia, nafaka nyingi, au mbao za kutandika sakafu ya pili. Lakini jahazi la abiria nalo hubeba maji mengi. Kulivuta chombo hadi Unguja kilikuwa kibarua kizito, basi mara nyingi walikipima kwa kamba na kukitia moto palepale, na ushahidi ukaungua nacho. Wako wenye majahazi wasio na kosa waliofilisika hivyo.

Wenye kosa walipata kinga nyengine, nayo ni bendera. Chombo chenye bendera ya Ufaransa hakikuruhusiwa kupekuliwa na Mwingereza. Aliweza kuomba hati tu, ahakikishe bendera ni ya kweli. Manahodha wa Sur, bandari ya Oman, walizitafuta sana hati hizo. Desemba 1881, karibu na Pemba, nahodha Brownrigg wa manowari London alilisogelea jahazi la bendera hiyo kwa taratibu za kuuliza hati, watu wake wakiwa hawajashika silaha. Ndani mlikuwa na watumwa kiasi cha mia. Mabaharia wa jahazi waliliingilia boti lake wakamuua. Ugomvi wa bendera ulikwisha 1905, mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilipoamua kwamba Ufaransa haikuwa na haki ya kutoa bendera mpya kwa watu wa Oman baada ya 2 Januari 1892, isipokuwa kwa wachache waliokuwa tayari chini ya ulinzi wake.

Kama mnataka watoto waone maficho ya kweli, wapelekeni Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji. Angalieni msichanganye: kuna pango la asili lenye maji baridi, na mbali nalo kidogo kuna chumba kilichochongwa kwenye jiwe la matumbawe, chenye ngazi za kushukia na njia ya kwenda ufukweni. Hicho cha kuchongwa ndicho cha magendo, cha baada ya 1873. Changuu msiiite gereza mbele yao bila maelezo: Lloyd Mathews, aliyewahi kuwa afisa wa manowari London, alijenga gereza pale 1893, lakini halikutumika kwa wafungwa, likawa karantini. Waliofungwa na kuuawa walikuwa Ngome Kongwe.

Miaka mingi baadaye mkondo uleule wa Pemba ukaja kubeba magendo mengine, ya karafuu, safari hii ya kutoka kisiwani kwenda Shimoni, Vanga na Mombasa, pwani ya Kenya. Serikali ya Zanzibar ilikuwa mnunuzi pekee wa karafuu na ililipa chini sana ya bei ya dunia. Adhabu zilikuwa kali, KMKM, kikosi maalumu cha kuzuia magendo, ikawekwa baharini, na magunia bado yakavuka. Kilichowaumbua wengi ni karafuu yenyewe. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na inahitaji siku nne au tano za jua kwenye majamvi, na harufu yake haifichiki. Mwenye haraka aliifunga ingali na unyevu, ikavunda njiani, ikafika imepauka na imekunjamana, mnunuzi akakata bei. Iliyokauka sawasawa ukiivunja hulia. Tangu 2011 serikali ilipoanza kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, sababu ya kuvuka usiku ikapungua sana.