Gololi, kamba na robo ya sukari: nilivyofundisha kani na mwendo darasa la tano

Muulize mtoto wa darasa la tano kwa nini gololi aliyoiviringisha sakafuni imesimama. Atakujibu papo hapo: "Nguvu imeisha, mwalimu." Si mmoja wala wawili, ni karibu darasa zima. Mtoto huyohuyo amekariri kwamba kani ni msukumo au mvuto, na kwenye mtihani anapata vema yake, lakini kichwani mwake gololi bado ni kama simu iliyoishiwa chaji.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali, Tanzania Bara, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Maabara hatuna, na kwa mada hii wala sioni kama tunaihitaji. Kilichonisaidia ni kutolikosoa lile jibu la "nguvu imeisha". Niliwaambia tulipime jibu hilo tuone kama linasimama.

Nilinunua gololi chache dukani. Karatasi ngumu za kalenda za zamani tukazikunja katikati ziwe mifereji. Ncha moja ya mfereji inawekwa juu ya vitabu viwili, nyingine inagusa chini. Gololi unaiweka juu kabisa, unaiachia, huisukumi. Hapo nilikazania sana, maana mtoto akiisukuma hata kidogo tu, jaribio lote limeharibika: tunataka gololi ifike chini ikiwa na kasi ileile kila mara.

Tulifanyia varandani, kwa makundi. Kundi la kwanza lilitandaza mchanga mbele ya mfereji, la pili likatandika khanga, la tatu likaacha saruji tupu. Kabla ya kuachia gololi, kila mtoto aliweka alama yake ya chaki pale anapodhani itasimama. Usiruke hatua hii hata kama kipindi kinakimbia. Mtoto aliyeweka alama yake anaitazama gololi kwa macho mengine kabisa; kuna waliolala kifudifudi shavu likigusa sakafu ili waone vizuri.

Kwenye mchanga haikufika hata shibiri moja. Kwenye khanga ilivuka kidogo, ikasita kwenye kunjo. Kwenye saruji ilizipita alama zote ikagonga ukuta, na kelele zikamtoa mwalimu wa darasa la jirani.

Nikauliza: "Mfereji ni uleule, gololi ni ileile. Mbona kwenye mchanga nguvu imeisha upesi hivyo?" Binti mmoja wa nyuma, ambaye huwa hanyooshi mkono, akasema mchanga umeizuia. Mvulana akambishia: hapana, mchanga umeila nguvu. Sikumkatisha, kwa sababu kauli yake ina kitu ndani yake. Nishati ya mwendo kweli huhamia kwenye mchanga, na tutamrudia tukifika mada ya nishati. Lakini siku ile la binti ndilo tulilolishika: kuna kitu kinachoizuia gololi, na kizuizi hicho nacho ni kani.

Kisha tukaendelea kwa mawazo. Tuseme sakafu iwe laini kuliko vigae. Laini zaidi ya hapo. Je, pasipokuwa na chochote cha kuizuia kabisa, wala hewa? Wakatazamana. "Haitasimama," wakasema, wengine kwa sauti ya kuuliza. Njia hiyo ya kufikiri aliipita mwanasayansi Galileo kule Italia karne ya 17, akiviringisha mipira kwenye miteremko, na mwaka 1687 mwanasayansi Mwingereza, Newton, akaiandika kuwa kanuni yake ya kwanza ya mwendo. Niliwaambia pia kwamba Aristotle, msomi mkubwa wa Ugiriki ya kale, naye aliamini kitu hakiendi bila kusukumwa. Ilikuwa muhimu wajue kwamba wazo lao halikuwa la kijinga.

Upande wa pili wa mada ni kitu kilichotulia. Watoto hudhani kisichosogea hakina kani. Hapa nilitumia mchezo wa kuvuta kamba, kitambaa chekundu kikiwa kimefungwa katikati. Nilipanga timu hadi zikalingana, kitambaa kikaganda. "Kinakwenda?" "Hakiendi!" "Basi hakuna kani?" Mmoja akaniletea viganja vyake, vimejaa alama nyekundu za kamba ya katani. "Ipo, madam. Tazama." Kutoka hapo, kitabu kinachovutwa chini na dunia huku dawati likikibeba kwa kukisukuma juu hakikuwapa shida.

Kipimo cha kani, yaani nyutoni, nilikifundisha kwa sukari. Robo kilo kiganjani inakulemea kwa takribani nyutoni 2.5, kilo nzima kama nyutoni 10. Watoto hutumwa dukani kila siku, kwa hiyo robo wanaijua kwa mkono.

Pagumu ni mpira wa miguu. Nilichora mpira ukiwa hewani baada ya kupigwa, nikawaambia wachore mishale ya kani zote. Wengi, hata baada ya gololi zote zile, walichora mshale mkubwa kuelekea golini. Ndipo nikaweka sharti: kila mshale uandikiwe jina la anayesukuma au anayevuta. Mshale wa chini, dunia. Mshale wa kurudi nyuma, hewa. Na huu wa mbele? "Mguu." Mguu uko wapi sasa hivi? "Umebaki kwa mchezaji." Basi wakaufuta wenyewe kwa raba. Tangu hapo, mchoro wowote wa kani darasani kwangu, mshale usio na jina hausahihishwi. Unarudishwa kwa mwenyewe akautafutie jina au aufute.