Niliijua Kirumba kwa Kufuata Dagaa

Kila niliyemwambia nakwenda Mwanza alinitajia Mwamba wa Bismarck. Nimeuona. Unasimama karibu na gati la kivuko cha Kamanga, unapiga picha, robo saa haijaisha umemaliza. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kinastahili nusu siku: boti ni dakika chache tu, unawaona swala na pimbi, unarudi. Siku zilizobaki sikutaka kuzunguka mji mzima. Nilitaka mtaa mmoja niujue vizuri, nikachagua Kirumba kwa sababu ya soko la samaki la Mwaloni.

Kutoka stendi ya Nyegezi nilipanda daladala ya kuelekea Pasiansi, nikamwambia konda anishushe Kirumba. Gesti ni nyingi. Omba chumba cha nyuma, maana baa za mbele hazina habari na usingizi wako.

Mwaloni nilikwenda asubuhi, mizigo ya kutoka visiwani ikiwa inashushwa. Pale hutembei unavyotaka. Wabeba mizigo wanapita na magunia kichwani wakipiga kelele "Njia! Njia!", na wewe ndiye wa kupisha. Harufu ni kali dakika za mwanzo, baadaye pua inazoea. Juu ya mapaa korongo wakubwa wenye vipara wamesimama wakisubiri utumbo wa samaki.

Nilisimama kwa mama mmoja aliyemwaga dagaa marundo mawili juu ya turubai, sado mbili za kupimia zimepangwa mbele yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikaulizia bei. Akachota kiganja kimoja. "Tafuna kwanza mwanangu, bei baadaye." Nikatafuna wa rundo la kwanza, mchanga ukalia kwenye meno. Wa rundo la pili alivunjika kwa mlio mkavu, mdomoni safi kabisa. Yule wa kwanza ameanikwa chini ufukweni, huyu wa pili juu ya chanja. Ukimtazama kwa karibu utaona tofauti: wa chanja anang'aa kama fedha, wa mchangani amefifia na tumbo limeshika vumbi. Bei zao haziko pamoja, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilirudi kwake tena na tena, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kumsikiliza akipatana na wateja. Wengine walikuja na Kiswahili cha Kongo, wakinunua kwa magunia. Aliniambia pia kwamba mbalamwezi ikikolea dagaa huadimika. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku, na mwezi ukiangaza ziwa zima, taa haina kazi. Kwa hiyo anayetaka dagaa wa bei nzuri atazame angani kabla ya kukata tiketi.

Mimi nilikuta giza. Jioni nilipanda kwenye miamba juu ya mtaa, ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe makubwa kuliko zenyewe. Njia zinapita kwenye nyua za watu, hivyo piga hodi na usalimie. Asubuhi "Mwangaluka" inakufungulia njia hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo. Mzee mmoja alinionyesha pa kukaa, na giza lilipoingia taa za wavuvi zikaanza kuwaka mbali majini, moja moja, hadi zikawa safu. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola.

Chakula nilikula kwa mama ntilie nje ya soko: ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga kwa nyanya na pilipili, siku nyingine sato wa kuchemsha. Sangara minofu yake huenda viwandani na kusafirishwa nje. Mapanki yanayobaki, yaani vichwa na mifupa, ndiyo utakayoyaona yakikaangwa mtaani, na wala si mabaya. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nilipewa ya kuonja. Sitaagiza tena.

Kulikuwa na mechi ya Pamba Jiji uwanja wa CCM Kirumba, nikaingia. Soka lilikuwa la kawaida, matusi ya jukwaani yalikuwa ya daraja la kwanza.

Ufukweni usiingize miguu majini hata ukiwaona watoto wanaogelea. Kichocho kipo ziwani humu.

Na dagaa wa kupeleka nyumbani nunua siku ya mwisho, wa chanja. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, na kiroba peke yake hakizuii harufu, ndiyo maana makondakta wa basi huwa wakali. Mama yangu wa turubai alinituma nikanunue ndoo yenye mfuniko, akaishindilia dagaa hadi juu, akafunga kwa kamba ya katani na kuongeza kiganja cha nyongeza kwenye gazeti. Kondakta aliinusa ndoo, akaisukuma chini ya kiti, hakunidai hata senti ya mzigo.