Siku moja maishani mwangu: steshenari ya Mafinga, siku ya kuamkia mahafali

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nikawaambia niko steshenari, wengi wanajibu "aa, fotokopi", basi, yameisha hapo. Sawa, fotokopi ipo. Ila leo naandika Ijumaa moja tu ya mwezi wa tisa, siku ya kuamkia mahafali ya kidato cha nne ya shule moja hapa Mafinga, muone hiyo fotokopi ikoje.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Baridi la huku wanaolijua wanalijua, mwezi wa tisa watu wa Dar wanalalamika joto sisi bado tunatoka na jaketi na kitenge juu yake. Nikamwandaa mtoto, chai, saa kumi na mbili na nusu nikafungua duka. Kitu cha kwanza kuwasha ile mashine kubwa ya kopi, maana kwenye baridi inachelewa kupata moto, na karatasi zikilala na unyevu zinajikunja zinakwama ndani. Nikafagia huku malori ya kwenda Tunduma yanapita.

Saa moja mpaka saa nne ni yale yale ya kila siku. Kopi za kitambulisho cha NIDA, barua ya kuomba kazi, kijana wa kuskani vyeti, kinamama wa vikoba na fomu zao, mzee mmoja wa kupiga paspoti. Kwisha.

Saa nne nikakaa na kijitabu.

Hiki kijitabu ni cha wahitimu. Shule ilianza kukitengeneza miaka mitatu iliyopita na mimi ndiye niliyekitengeneza tangu cha kwanza. Kila mhitimu anapata robo ya ukurasa: picha, jina, klabu, somo analolipenda, ndoto yake, na neno la mwisho kwa shule au kwa nyumbani. Safari hii walikuwa 94, kwahiyo kurasa 24, nakala 150. Piga hesabu: mbele na nyuma ni karatasi 12 kwa kila kijitabu, mara 150 ni karatasi 1,800, yaani rimu tatu na nusu na kitu juu. Hapo sijaweka ratiba wala vyeti vya kuhitimu vya shule, navyo vyote natoa mimi. Na mambo yao wanaandika wenyewe kwa mkono kwenye nusu karatasi ya daftari, mwalimu wa darasa anakusanya kwenye mfuko wa rambo ananiletea.

Naanza na majina. Nayapanga kwa namba ya mtihani, ile inayoanza na S, wasichana wanatangulia wavulana wanafuata, kama NECTA, wale wa baraza la mitihani, wanavyopanga. Halafu naenda herufi kwa herufi na orodha ya shule, maana mtoto mwenyewe anaweza kuandika jina la babu yake kwa L moja wakati kwenye usajili zipo mbili. Mwalimu aliwahi kuniambia dada hiki ni kijitabu tu, siyo cheti cha NECTA, usijitese. Najitesa kwasababu mimi mwenyewe jina langu la cheti cha shule na la RITA, lile la cheti cha kuzaliwa, yalipishana herufi moja, moja tu, ilikuwa R ikawekwa L, nilikuja kuligundua nimeshamaliza shule na nataka chuo. Nilizunguka kwa wakili kula kiapo, nauli, picha, mihuri, miezi inapita na wenzangu wako darasani. Kwahiyo mtoto wa watu akifungua kijitabu akakuta jina lake liko sawa, hatojua kama kuna mtu alilisoma mara nne, na ni sawa asijue.

Halafu ndoto zao. Karibu nusu wanataka udaktari, wanaandika kabisa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, hata ambaye mwalimu wake ananong'ona kwamba Fizikia haijawahi kumpenda. Wengine uanasheria. Jeshi wapo wengi, kambi ya JKT iko hapahapa Mafinga, hawa wamekua wanasikia mchakamchaka asubuhi wakiwa bado kitandani. Kuna binti aliandika "nataka niwe mtu anayepima chai, siyo anayechuma", mama yake anachuma chai huko Mufindi, nikakaa kwanza kidogo ndiyo nikaendelea kuandika. Kuna mwingine kwenye neno la mwisho kaandika anamshukuru mama yake kwa kumlelea mtoto ili yeye arudi shule. Huyu kabla ya ule waraka wa 2021 wa kuruhusu wanaojifungua warudi asingekuwepo kwenye orodha hii. Nililiandika vilevile kama alivyoliandika, nikampigia mwalimu kuuliza kama binti mwenyewe ana uhakika lisomwe na watu wote. Mwalimu akaenda akamuuliza, akarudi kwenye simu: kasema acha hivyo hivyo.

Picha ndiyo kazi isiyoonekana kabisa. Paspoti ya rangi ukiitupa tu kwenye kopi nyeusi na nyeupe, uso wa mtoto wetu mweusi unakuwa doa, unabaki na macho na kola ya shati. Steshenari nyingi zinaacha hivyo. Mimi kila uso naufungulia mwanga wake peke yake, kwa huyu kidogo, kwa huyu zaidi, mpaka pua na mashavu yaonekane, naprinti moja naangalia, narudi tena. Sura 94.

Na nilizipiga mwenyewe, kwenye kitambaa cha bluu nyuma ya duka, wiki ya nyuma yake. Wakati wa kutengeneza bango la rangi, lile kubwa la kufunga getini, ndiyo nikaona kitu. Kifungo cha pili cha shati kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikahamia kwa mwingine, uzi mwekundu. Wavulana sita. Shati jeupe moja lililokuwa zima limevuliwa na kuvaliwa pale nje ya mlango wangu mara sita, wamebadilishana hata mimi niliyekuwa na kamera sikujua. Nikauvuta karibu ule uzi nikaugeuza mweupe, wote sita. Bango faili nilishalituma Iringa Jumatano, huko ndiyo wenye mashine kubwa, lilikuwa linarudi na basi hiyo Ijumaa jioni.

Mchana sikula vizuri, mama ntilie aliniletea ugali na maharage nikala nikiwa nasoma ukurasa wa 15.

Saa nane kamili akaingia baba mmoja. Kofia ya sufu, buti zina unga wa mbao. Nikamwamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikajua anataka kopi. Akasema nimeambiwa kitabu cha mahafali kiko hapa, nataka kuona ulichoandika kwa kijana wangu. Sasa huo utaratibu hatuna. Kijitabu hakijatoka, mzazi mmoja akianza kuja kuangalia kesho watakuja 94, nikamweleza kwa adabu. Akavuta kiti akakaa. Nikaendelea na kazi nikidhani atachoka. Robo saa, kimya, anaangalia mashine. Wateja wanaingia wanamkuta amekaa katikati ya njia, mmoja anamruka, mwingine akaghairi akaondoka. Nikasema basi, bora nimuoneshe aende, akanitajia jina nikamfungulia kwenye skrini.

Nikamsomea. Klabu ya mazingira, somo Jiografia, ndoto yangu ni kuwa fundi seremala.

Akasema futa.

Nikamwambia baba siwezi, haya kaandika mwenyewe kwa mkono, karatasi hii hapa. Akasema andika injinia. Siwezi. Andika daktari basi kama wenzake. Nikamwambia mtu wa kubadilisha ni mwalimu. Akasema mwalimu ndiye amelipa ada? Nikasema ada si imefutwa tangu 2016, nikajuta hapohapo, maana akageuka sauti ikapanda, nani kakwambia hakuna gharama, madaftari, sare, michango, chakula, unajua mimi nimebeba magogo mangapi msitu wa Sao Hill kwa ajili ya hayo madaftari, miaka minne nasomesha halafu mtoto anakwenda kutangaza mbele za watu na mgeni rasmi kwamba anarudi kwenye mbao? Watu wawili walikuwa mlangoni na flashi zao wakarudi nje taratibu. Mimi nimechoka, mgongo unauma, nina kurasa tisa bado, nataka kulia na nataka kumfukuza kwa pamoja.

Ndiyo akaweka mkono mezani pembeni ya kibodi. Wa kulia. Kidole cha kati na kinachofuata havipo, vimeishia kwenye fundo, ngozi imekaza inang'aa. Akasema hii ni dingdong. Wasiojua, dingdong ni zile mashine ndogo za kupasulia mbao, zinahama msitu hadi msitu, Mufindi nzima zinalia. Alikuwa analisha gogo, mwaka huyo kijana yuko darasa la tatu. Akasema sitaki mwanangu awe karibu na kile kitu.

Nikapiga simu kwa mwalimu, mwalimu akamtafuta kijana bwenini, simu nikaweka sauti kubwa. Kijana akamwamkia baba yake. Baba akasema nimeona ulichoandika. Kimya. Halafu kijana akaongea taratibu sana, akasema baba mimi sitaki kupasua, nataka kutengeneza, makabati, vitanda, nataka kwenda VETA nikasome ufundi, ile meza ya ofisi ya mwalimu mkuu niliyoirekebisha miguu ni mimi, muulize mwalimu. Mwalimu kwa nyuma akasema ni kweli mzee. Huyu baba akawa anautazama mkono wake tu. Tukakaa hivyo, salio langu linaenda, mashine inavuma. Mwisho akasema, sasa kama ni fundi, si uandike fundi mkuu? Kijana akacheka. Akasema sawa baba, dada andika fundi mkuu wa samani.

Nikaandika palepale anaona. Akaniomba nimtolee ule ukurasa mmoja, nikamtolea, akatoa shilingi mia moja nikakataa, akaiacha juu ya meza. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Karibu saa mbili zimeenda kwenye mstari mmoja.

Hapo ndiyo umeme ukakatika.

Saa ngapi ngapi tena sikuangalia. Jirani yangu kinyozi ana jenereta, tukachangia petroli, ila ikiwasha ile mashine kubwa taa inafifia na kinyozi anapiga kelele, nikawa natoa nakala ishirini napumzisha, ishirini napumzisha. Mtoto wangu akatoka shule akafanya homuweki sakafuni juu ya maboksi ya rimu, dada yangu akaja kumchukua giza limeshaingia. Umeme ukarudi, nikashukuru Mungu kwa sauti. Karatasi ikakwama kwenye ukurasa wa 18, nikafungua mlango wa pembeni nikaivuta kwa vidole viwili kipande kwa kipande kwasababu ukiichana ikabaki hata kijipande ndani umekwisha. Nikaungua kidogo. Tona ikaanza kufifia nikaitikisa, nikairudisha, ikanivumilia.

Kupanga ndiyo kunaua. Mashine yangu haipangi yenyewe, kwahiyo unatandaza mafungu kumi na mbili kuanzia kaunta mpaka kwenye kiti mpaka chini, unazunguka unaokota moja moja, ukimaliza mzunguko umepata kijitabu kimoja. Mizunguko 150. Ule wa themanini na kitu nikagundua fungu la tano limegeuzwa, yaani ukurasa wa 10 unakuja kabla ya 9, nikakaa chini sakafuni. Nikavifungua vyote vilivyokuwa vimeshapangwa nikaanza upya. Hakuna ambaye angeniona kama ningeacha. Ila watoto wanne wa ukurasa wa 9 ndio wasichana wa mwisho kwenye orodha, wangetokea katikati ya wavulana, na mzazi anatafuta mtoto wake kwa kuhesabu anashindwa kumpata.

Dada wa chipsi akafunga, walinzi wakawasha moto wa maranda ng'ambo ya barabara, akaja mmoja akaniletea kikombe cha chai ya rangi, akasema mwalimu hulali? Ananiita mwalimu siku zote, nimeacha kumrekebisha. Pini za stepla, mbili kila kijitabu, kiganja kilishavimba nikawa nagonga kwa ngumi na kitambaa. Cha mwisho nilikipiga pini jogoo wanawika.

Saa kumi na mbili bodaboda wa shule akaja, tukafunga maboksi na kitenge changu yasishike vumbi. Akaniuliza deni nikamwambia atalimaliza mwalimu wa fedha. Nikafunga duka, nikapita njia ya getini kwa shule ambayo siyo njia yangu ya nyumbani.

Bango lilikuwa limeshafungwa. Wavulana wamejikusanya chini yake wanatafutana, "mi huyu hapa, we uko wapi, angalia ulivyonuna", wanapanda mabegani wajiguse usoni. Yule fundi alikuwepo, nilimjua kwa picha. Na mmoja wao, mrefu, ndiye siku hiyo alikuwa zamu yake ya lile shati. Kifungo cha pili, uzi mwekundu.