GDB inakawia kuunganishwa na mashine ya mbali: jinsi nilivyotatua

Baada ya kuandika `target remote` katika GDB (programu ya kusaka hitilafu), skrini ilijaa mistari ya "Reading /lib/... from remote target", kisha kimya. Kosa si la prosesa. Tangu toleo la 7.10, sysroot ya GDB (folda inakotafuta maktaba) huwa `target:`, yaani mashine ya mbali yenyewe, hivyo kila maktaba huvutwa kupitia mtandao. GDB yenyewe huonya, ila nani husoma maonyo?

Dawa ni kunakili maktaba mara moja kwa rsync, programu ya kunakili faili (hapa `mbali` ni jina la mashine ya mbali):

`rsync -aR mbali:/lib mbali:/usr/lib /opt/sysroot/`

Ongeza `/lib64` na `/usr/lib64` kama zipo. Kisha andika `set sysroot /opt/sysroot` kabla ya kuunganisha, si baada. Mashine ya mbali ikisasishwa, rudia rsync. Nakala zisipolingana, bektresi (orodha ya funksheni zilizoitana hadi hapo) itakudanganya.

Bado inasuasua? Jaribu `set debuginfod enabled off`. Huenda GDB inapakua alama za utatuzi kutoka intaneti kupitia huduma ya debuginfod.