Shikamoo Kabla ya Kuangushwa

Kanuni ya dojo letu, yaani ukumbi wetu wa aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, hapa Dodoma inasema kwamba wawili wanaokwenda kufanya mazoezi pamoja hupiga magoti wakitazamana, huinama, na kila mmoja humwambia mwenzake maneno ya Kijapani, onegai shimasu, ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema naomba unisaidie. Kanuni hiyo haikumfikiria binti wa umri wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye daraja la kyu ya 1, ambaye mbele yake amepiga magoti mtumishi wa umma wa miaka arobaini na minane mwenye kyu ya 4 tu. Kwa daraja, ambalo hupanda namba ikishuka, yeye ndiye mkubwa, kwa umri ni mimi. Katika wiki zake za mwanzo alijaribu kuinama na kunyamaza kama mafunzo yanavyotaka, lakini malezi yalimshinda, na tangu hapo kila tunapokutana kwenye mkeka husema kwanza, "Shikamoo, baba," nami huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha tunainama, kisha ananiangusha.

Naandika haya kwa sababu wengi wanaonisalimu ofisini wakijua kwamba nafanya aikido huniuliza nimeshajifunza kumpiga nani. Jibu la kweli ni kwamba katika miaka mitatu nimejifunza zaidi kuangushwa kuliko kuangusha, na kwamba sehemu hiyo ya kazi, ambayo mgeni huiona kama hasara ya yule asiyejua, ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi na ndiyo inayonirudisha ukumbini kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi.

Kijapani kina neno lake, ukemi, lenye maana ya kupokea kwa mwili. Anayeangushwa huitwa uke, yaani mpokeaji, na anayemwangusha huitwa nage au tori. Mtu mzima anapoanza, adui yake wa kwanza ni kiganja chake mwenyewe, kwa kuwa kila anapohisi anakwenda chini huunyosha mkono nyuma ili ardhi isimfikie, na mkono ulionyooka namna hiyo ndio unaovunjika kifundo. Kwa hiyo mwezi wangu wa kwanza, niliokuwa nimeutengea ndoto za kuwatimua vibaka, niliumaliza nikijifunza kuketi chini: mguu mmoja unakunjwa nyuma, makalio yanashuka karibu na kisigino, kidevu kinabanwa kifuani, mgongo unaviringika kisha unarudi, na kisogo hakigusi mkeka hata kidogo. Kuviringika kwa mbele kulikuja baadaye. Ukingo wa mkono unagusa kwanza, mkono wote ukiwa umepindwa kama upinde, halafu bega, halafu mwili unapita mgongoni kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili, bila kuukanyagia uti wa mgongo, na mtu anajikuta amesimama. Watoto hulijua jambo hilo katika siku mbili. Mimi lilinichukua hadi mvua za mwaka uliofuata.

Kuna jambo jingine lililotuchelewesha, nalo si la Kijapani. Kwetu mtu akianguka huambiwa pole, awe amejikwaa barabarani au amefiwa, hata kama anayesema hana kosa lolote. Basi katika dojo letu kila aliyemwangusha mwenzake alisema pole, na aliyeanguka alijibu asante au nishapoa, na kwa kuwa kila mmoja huanguka mara nyingi mno kwa saa moja, ukumbi ulikuwa kama nyumba ya msiba yenye waombolezaji wachangamfu. Sensei wetu, yaani mwalimu, alijaribu kulizuia neno hilo kwa hoja kwamba linamfanya nage ajione mkosaji. Hakufanikiwa, na nadhani alikuwa na bahati kutofanikiwa, kwani mtu anayejua kwamba atalazimika kusema pole huangusha kwa uangalifu zaidi.

Uangalifu huo si adabu tu. Chukua mbinu iitwayo shihonage. Nage anaushika mkono wa uke, anaupandisha kama anayeinua upanga, anapita chini yake, anageuka, na kuukunja mkono ule nyuma kuelekea bega la uke mwenyewe hadi aende chini kwa mgongo. Mkono ukibaki karibu na bega la uke, anaanguka salama. Ukivutwa pembeni mbali na bega, kiwiko na bega ndivyo vinavyolipa, na uke aliyekakamaa kwa ubishi anaweza kwenda chini kwa kisogo. Wote wawili wanabeba dhamana, na ndiyo maana tunabadilishana: kwa kawaida mara nne mimi naangusha, mara nne naangushwa, na hakuna anayepanda daraja akibaki upande mmoja tu.

Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, aliyezaliwa Tanabe, Japani, mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969, hakuyaanza mambo haya kutoka hewani. Mwaka 1915, akiwa Hokkaido, alikutana na Sokaku Takeda, akajifunza kwake Daito-ryu, ambayo ni jujutsu, mapigano ya mikono mitupu, kali ya kuvunja viungo. Mwaka 1931 alifungua dojo la Kobukan mjini Tokyo, na jina aikido likaja kutumika rasmi mwaka 1942. Mbinu nyingi tunazofanya zina mizizi katika ile Daito-ryu, na kilichobadilika ni namna ya kumwachia mwenzako njia ya kutoka. Alichokataa kabisa ni mashindano. Mwanafunzi wake Kenji Tomiki alianzisha mtindo wenye mashindano, lakini katika Aikikai, shirika la aikido tunalolifuata sisi, hakuna medali wala bingwa, na jambo hilo huwakatisha tamaa vijana wengi wanaotoka kwenye karate. Sina la kuwaambia ila kwamba wakae miezi mitatu.

Swali gumu zaidi tunaloulizwa hapa ni la kuinama. Ukutani kuna picha ya Ueshiba, na mwanzoni mwa kila kipindi darasa huinama kuielekea. Wapo Waislamu na Wakristo waliouliza kwa dhati, wala si kwa ubishi, kama huku si kusujudia mtu. Sensei aliwaeleza kwamba ni shukrani kwa aliyeanzisha, na kwamba asiyeridhika anaweza kuinama kwa wenzake tu. Wawili wanafanya hivyo hadi leo, na sijasikia aliyewanyooshea kidole. Cha kuchekesha ni kwamba wale wale Waislamu ndio wanaotushinda kwa kukaa seiza, kukalia visigino, kwa kuwa mkao huo unafanana mno na ule waliouzoea tangu utoto katika swala, ilhali sisi wengine tulilia magoti kwa wiki kadhaa.

Mwezi Januari tulipata mwalimu mgeni, Mjapani mtu mzima asiyejua Kiswahili, aliyekuja kwa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kutufundisha kwa siku mbili na kusimamia mitihani. Tuliamka alfajiri ya Jumamosi kupiga deki mikeka. Kwetu mikeka ni vipande vya mpira vinavyoshikamana kwa meno, na kwa kuwa upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata dirisha likifungwa, deki hiyo ni sehemu ya mazoezi kama ilivyo sehemu nyingine yoyote. Asubuhi ilipita vizuri. Mgeni alirudia jambo moja tu kwa saa mbili, tenkan, yaani kugeuka pembeni mwa nguvu inayokuja badala ya kusimama mbele yake, na kila alipotaka kusema neno sensei wetu alitafsiri.

Mchana ndipo tulipogundua kwamba mwenye ukumbi alikuwa amepokea fedha za pande mbili. Saa saba kamili iliwasili kamati ya harusi ikiwa na viti vya plastiki, vitambaa vya zambarau na spika zenye kimo cha mtoto wa shule, na mweka hazina wao alikuwa na risiti ya tarehe ya nyuma kuliko yetu. Hatukuwa na la kubishana. Tuling'oa mikeka kipande kwa kipande, tukairundika kibarazani, na mgeni wetu, ambaye nilidhani angekasirika, akavua hakama yake, ile suruali pana ya mikunjo, akaikunja taratibu mikunjo yake yote, akauliza kama tuna fimbo.

Fimbo tulikuwa nazo. Jo ni fimbo iliyonyooka yenye urefu wa takriban sentimita 128, na zetu zilichongwa na seremala wa hapa hapa aliyezoea kutengeneza mipini ya majembe. Tukahamia chini ya mwarobaini nyuma ya ukumbi, tukiwa tumevaa ndala na makobazi, tukajifunza mwanzo wa kata, yaani mfululizo uliopangwa, ya mapigo 31, ambayo wanafunzi wa dojo la Iwama huko Japani ndio waliosifika zaidi kwa kuihifadhi. Tulifika la sita. Katika Dodoma huwezi kuzungusha fimbo hadharani bila kupata wataalamu, kwa kuwa huu ni mkoa wa wafugaji. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa akipita alisimama, akaomba kuishika moja, akaipima mkononi, akairudisha akisema ni nzuri lakini haimfai ng'ombe, kwa sababu haina kichwa. Mgeni alipotafsiriwa maneno hayo aliinama kwa mzee yule kwa heshima zote, na mzee, bila kusita, naye akainama.

Jumapili ukumbi ulikuwa wetu tena, ukinukia pilau. Katikati ya kipindi mvua ilishuka juu ya paa la bati kwa namna ambayo mtu wa Dodoma pekee anaifahamu, kavu kwa miezi saba halafu kelele isiyoruhusu hata kusikia sauti yako mwenyewe. Sensei wetu alipiga kelele mara mbili kutafsiri, akakata tamaa. Kwa zaidi ya nusu saa mgeni alifundisha bila neno. Alimshika mtu mkono, akamwangusha polepole, akamwinua, akamwangusha tena, kisha akamwonyesha kwa kidole sehemu aliyokuwa amekaza: bega, shingo, taya. Alipofika kwangu alinigusa kiwiko tu. Tangu siku hiyo najua mahali ninapokaza, jambo ambalo maelezo ya miaka mitatu hayakuwa yamenifikishia.

Mvua ilipokatika tukaingia kwenye mitihani. Walikuwepo watano wa kyu ya 5, ambayo huhitaji walau siku thelathini za mazoezi, na mbinu zake ni chache: ikkyo na iriminage dhidi ya pigo la kichwani, shihonage kwa kushikwa mkono, tenchinage kwa kushikwa mikono miwili, na kokyuho mkiwa mmepiga magoti. Mimi nilipangiwa kuwa uke wa dereva wa bodaboda, kijana mwenye mikono iliyokomazwa na usukani wa pikipiki na haraka ya mtu anayesubiriwa na abiria. Ikkyo aliifanya vizuri. Kwenye shihonage aliharakisha, na nilihisi mkono wangu ukianza kutoka nje ya bega. Miaka mitatu iliyopita ningekakamaa. Safari hii nilizungusha nyonga, nikausogelea mkono wangu mwenyewe, nikaketi chini kama nilivyofundishwa mwezi wangu wa kwanza wa mazoezi, na nikaviringika. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, kimya cha mtihani, na kijana yule, akiwa amesimama juu yangu katika mkao sahihi, akasema kwa sauti ya wazi, "Pole, baba."

Nilijibu asante. Ningefanya nini kingine?

Baada ya mitihani mgeni aliuliza, kupitia kwa sensei wetu, lile neno ambalo amelisikia tangu Jumamosi asubuhi lina kazi gani. Yeye alidhani ni kiai ya Kitanzania, ukelele wa kukusanya pumzi wakati wa kurusha, na alitaka kujua kwa nini tunautoa baada ya pigo na si kabla. Tulicheka mpaka wengine wakaketi. Alipoelezwa alitulia kidogo, akasema kwamba huko kwao uke hushukuriwa mwishoni mwa zoezi tu, na akaandika neno hilo kwenye daftari lake. Wote watano walifaulu, ila dereva wa bodaboda aliambiwa arudie shihonage mara mia kabla ya kufikiria kyu ya 4, na kwa kuwa uke wake ni mimi, adhabu hiyo tumegawana.

Jumanne iliyofuata tulikuwa saba. Wa nane alichungulia mlangoni, akavua viatu, akaomba kutazama, nami nikamtambua: alikuwa mweka hazina wa ile kamati ya harusi, mwenye risiti, mtu wa rika langu, ambaye inaonekana alikuwa akituangalia dirishani tulipokuwa chini ya mwarobaini. Sensei alimwambia kwamba hapa hakuna kutazama, aingie. Akapiga magoti kwa taabu mbele ya yule binti wa chuo, akiwa na suruali yake ya ofisini, na akauliza itachukua muda gani mtu wa umri wake kuweza kumwangusha mwenzake.

"Shikamoo, baba," alisema binti.

"Marahaba."

Kisha akamwonyesha jinsi ya kuketi chini.