Mzee wa Safu ya Nyuma

Nilipochukua kibarua cha kufundisha maadili ya kisasa jioni katika chuo kimoja cha kati hapa Nairobi, nilidhani nitahangaishwa na maswali magumu. Kumbe ni usingizi. Kipindi kilianza saa kumi na moja na nusu, orofa ya nne, lifti hakuna, makanga wakiita abiria wa Githurai chini ya dirisha. Wanafunzi walikuwa wametoka kazini: wauguzi, dada wa M-Pesa, kijana wa matatu, mzee mmoja mlinzi. Mimi nami nilikuwa nimeshinda shule ya upili nikifundisha. Malipo ni ya saa ulizosimama darasani tu. Kuandaa na kusahihisha ni sadaka yako, na pesa zenyewe huja zikitaka.

Wiki tatu nilisoma kwenye karatasi zangu, wao wakinakili. Wanafalsafa Kant na Mill, fasili. Kuna aliyekoroma.

Wiki ya nne nikaleta insha ya Garrett Hardin, Mmarekani, ya mwaka 1974. Anazifananisha nchi tajiri na mashua ya kuokolea: ndani wamo watu 50, nafasi ni za 60, na majini kuna 100 wanaoomba kupandishwa. Yeye anaona heri asipandishwe hata mmoja. Nikaandika nambari ubaoni, nikauliza wangefanyaje.

"Mwalimu, hiyo ni stendi saa kumi na mbili jioni," akasema kijana wa matatu. "Makanga husema bado wawili."

Darasa likaangua kicheko, hata mkoromaji akaamka. Muuguzi mmoja akamvaa: na ikipinduka, si ni sisi tutakaowapokea usiku? Akamkumbusha sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, abiria 14 na mikanda. Kijana akajibu kwamba sheria hizo zilipokuja nauli ilipanda, na mama yake akaanza kutembea kwa miguu hadi kazini. Nikaweka chaki chini. Hapo mlinzi, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu muhula uanze, akauliza, "Hii mashua, mbao zake zilitoka wapi?"

Nililiwaza swali hilo njia nzima nikirudi nyumbani. Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki 1995, alimpinga Hardin karibu na hapo hapo: dunia si mashua zilizotengana, ni familia moja, na watoto wake, tajiri kwa maskini, wana deni kwa mzazi mmoja. Nilikuwa nimemsoma zamani na kumwacha nje kwa sababu kitabu cha somo hakikumtaja. Oruka huyo huyo alienda vijijini kuwahoji wazee ambao hawakukanyaga chuo, akiwahesabu kuwa wanafalsafa. Wangu alikuwa amekaa safu ya nyuma, nami namsomea karatasi.

Tangu siku hiyo kila kipindi kilianza na kisa cha mwanafunzi. Si kwamba mambo yalininyookea. Tulipofika kwenye ridhaa, tulizungumzia foleni za KICC, jumba la mikutano hapa Nairobi, mwaka 2023, watu walipopigwa picha za mboni za macho wapate sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000, mpaka serikali iliposimamisha mwezi wa Agosti. Hotuba yangu ilikuwa tayari: walidanganyika. Dada wa M-Pesa akasema alikuwa kwenye foleni hiyo, alijua anachofanya, na kodi ya nyumba ililipwa. "Na fomu ya usajili ya hapa chuoni, mwalimu, kuna aliyetusomea kabla tutie sahihi?" Sikuwa na jibu.

Kwenye insha ya mwisho niliwataka watetee upande wanaouchukia. Kusahihisha kulinila Jumapili mbili, bila senti. Mzee aliandika ukurasa mmoja na nusu akimtetea Hardin, na nikampa 17 kati ya 20. Alinifuata kwenye ngazi akitaka kujua kwa nini muuguzi alipata 18.

"Mzee, alitoa mifano zaidi."

"Mifano si hoja, mwalimu."

Sikumwongezea. Muhula umeisha na bado hatujaelewana.