Nguruwe Aliyetaka Kuleta Vita

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote."

Tarehe 15 Juni 1859, katika kisiwa cha San Juan, karibu na kisiwa cha Vancouver, pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, Mmarekani Lyman Cutlar alimkuta nguruwe akifukua viazi vyake. Akampiga risasi. Kumbe nguruwe ni mali ya Hudson's Bay, kampuni ya Waingereza. Wakadai dola 100. Cutlar akaona anaonewa.

Lakini ugomvi ulikuwa na mzizi wake. Mkataba wa 1846 ulisema mpaka wa Marekani na makoloni ya Uingereza upite katikati ya mlango wa bahari kati ya bara na kisiwa cha Vancouver. Milango iko miwili, na San Juan iko katikati yake! Kila upande ukashika mlango ulioupa visiwa. (Wenyeji waliovua humo tangu enzi za mababu hawakuulizwa. Hilo nalo Mungu aliliona.)

Mwezi Julai Kapteni George Pickett akashusha askari wa Marekani. Kufikia Agosti walikuwa zaidi ya 400, wakitazamana na manowari tano za Uingereza. Gavana James Douglas, wa koloni la Uingereza kisiwani Vancouver, alitaka wanajeshi wa Uingereza nao washuke. Admirali Robert Baynes, mkuu wa manowari hizo, alipofika akakataa: hawezi kuingiza mataifa makubwa mawili vitani kwa ajili ya nguruwe. Na huyu ndiye aliyekuwa na mizinga mingi zaidi. Mnyonge akisema "yaishe", tunasema hana ujanja. Akisema mwenye nguvu, hapo naiona ile "kwa upande wenu" ya Paulo.

Wakakubaliana kila upande uweke askari wasiozidi 100, Wamarekani kusini, Waingereza kaskazini. Wakaishi hivyo miaka 12, wakialikana hata kwenye sikukuu. Hakuna aliyefuta dai lake. Shauri likapelekwa kwa Kaisari Wilhelm I wa Ujerumani, naye mwaka 1872 akaipa Marekani visiwa. Waingereza wakafungasha, wakaondoka. Aliyekufa katika mgogoro wote ni nguruwe peke yake.

Angalieni mpangilio, wapendwa: amani ilitangulia, hukumu ikaja miaka 12 baadaye. Sisi tunataka kinyume chake. Kwanza nitangazwe nina haki, ndipo nikusalimie. Kesi ya mpaka wa shamba ikianza, hata mtoto hatumwi tena kuomba chumvi kwa jirani, na kanisani hatukai benchi moja. Paulo hajasema tuache haki zetu, na kwa kusema "kama yamkini" anakiri kwamba upande wa pili unaweza kugoma. Ila upande wetu haungoji hukumu.

Wiki hii tuwaombee wote wenye mashauri kwenye mabaraza ya ardhi. Na kama wewe ni mmoja wao, jirani yako akiugua kabla ya tarehe ya kesi, nenda ukamwone.